Siku Beseni Liliposimama Itiryo

Turwa,
S.L.P. 17,
Tarime.
9 Oktoba, 1972.

Mpendwa Baba mdogo Waitara,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, maana ile ya barua iliyopita hukuiitikia. Kifua kimepona, au hewa ya Tanga bado inakukorofisha? Mama mdogo Verdiana na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mvua imeanza kunyesha, wimbi, ule ulezi wetu, limeota vizuri, na mama amepona meno ila domo lake ni lile lile.

Sasa kaa chini. Barua hii usiisome umesimama.

Mashindano ya magari yamerudi Tarime! Walimu wenzangu hapa shuleni wanadhani mambo haya yameanza jana. Nimewapa somo. Nimewaambia kwamba mwaka 1958, kabla hata ya Uhuru, magari yalipangwa hapa mjini, akawemo daktari wa misheni, mnunuzi wa pamba, vijana wa maduka ya Kihindi, na hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa kuendesha. Walikimbizana Jumapili kwa raha zao. Jumatatu kila mtu alikwenda kazini na gari lile lile, namba ya chokaa ingali mlangoni.

Na katikati yao Mkurya mmoja tu, wewe, ndani ya gari jekundu la viti viwili lisilo na paa, ulilolitoa mtoni limepinduka ukaliunga kwa mikono yako. Watu wakacheka wakaliita Beseni. Beseni likawapita wote! Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, lakini nikilisimulia mpaka leo navimba kichwa utadhani usukani niliushika mimi.

Najua kilichofuata, nawe unakijua. Siku ile ile wezi wa mifugo waliingia kwetu Itiryo, yowe likapigwa, nawe ukapita bondeni kwetu mbioni bila kusimama. Baba akala mshale wa paja na ng'ombe wakaenda. Ulisema hukusikia. Baba akasema mwanamume wa kwetu asiyesikia yowe hajazaliwa. Ukaacha gari, ukaacha na kikombe cha ushindi, ukaenda zako Tanga, na tangu hapo jina lako halitajwi mbele yake. Kikombe chenyewe anapimia mtama wa kuku. Nisamehe kukwambia.

Basi kaka yangu Ryoba, uliyekuwa ukimpakata kwenye Beseni, sasa ni fundi wa matrekta ya ushirika. Aliposikia mashindano yanakuja, akaenda kulitoa Beseni ghalani. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti! Akalihangaikia tangu mavuno, hadi likakohoa, likawaka. Baba alimtazama tu, kisha akasema, "Mura, kijana wangu, endesha. Ila likiniaibisha mara ya pili, nalikata kwa shoka."

Nami nilikuwa na langu moyoni. Nilitaka Ryoba ashinde, ili baba akumbuke alivyokuwa akijivunia wewe kabla ya siku ile, labda moyo wake ulegee, urudi nyumbani. Niliombea hilo kanisani wiki nzima, mpaka Padri akaniuliza kama nina mchumba.

Siku ikafika. Bwana mmoja wa chama alihutubia juu ya kujitegemea mpaka maji ya rejeta yakaanza kuchemka. Safari hii madereva ni walimu, karani wa benki, daktari wa Musoma, na Ryoba wetu. Njia ilikuwa ile yenu ya zamani, kutoka Turwa hadi kuzunguka mnada, na kurudi kwa kupitia tena bondeni kwetu.

Mimi nilikwenda Itiryo kungojea na wazee. Baba alisema haji kuangalia upuuzi, lakini ng'ombe wake siku hiyo aliwachunga mwenyewe, kando ya barabara. Nikajifanya sikumwona.

Lo! Beseni lilitokea la kwanza, vumbi nyuma kama moto wa nyika, na wengine sijui wako wapi. Nilipiga kelele hadi kilemba kikaanguka.

Sasa sikia mambo ya watu wa kwetu. Mngurumo uliwatisha ng'ombe wa Mzee Heche, wakatimka mkia juu. Bibi Gati, jirani yetu, macho yake unayajua. Akaona vumbi, akaona ng'ombe wanakimbia. Kwetu hiyo ina maana moja tu. Akapiga yowe! Likapokelewa nyumba kwa nyumba, na kabla sijasema "Bibi, ni magari", wanaume walikuwa wameshatoka na mikuki na pinde, baba mbele yao na mguu wake ule mbovu.

Wakati huo Ryoba ameshazunguka mnada, anarudi, bado anaongoza. Kufika bondeni anaona watu wanakatiza barabara na silaha. Baba mdogo, mtoto yule hakuuliza swali. Alifunga breki, akaruka nje, akachukua rungu la mtu, akakimbia nao. Magari yote yakampita, moja baada ya jingine. Roho iliniuma mno, na papo hapo nikajikuta nalia kwa fahari. Huyo ndiye ndugu yangu!

Ng'ombe walikutwa kwenye shamba la wimbi la mtu, wanakula kwa starehe. Mwizi hakuna. Watu walicheka hadi wakakaa chini, na Bibi Gati akakasirika kuliko wote.

Baba hakucheka. Alimshika Ryoba bega mbele ya watu wote, akasema, "Mnamwona? Huyu ni wangu." Kisha akamuuliza yowe alilisikia akiwa wapi. Ryoba akajibu, "Sikusikia kitu, baba. Niliona watu wanakimbia."

Halafu, usishangae, baba akapanda Beseni! Akamwambia Bibi Gati asimame mlangoni pake apige yowe kwa nguvu zake zote. Bibi kwa hasira aliyokuwa nayo, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ryoba akaendesha kwa kasi ile ile kupita bondeni. Hapo nilipokuwa mimi masikio yaliniuma kwa yowe. Baba aliporudi akashuka polepole, akasema amemwona Bibi Gati kinywa wazi lakini hakusikia ila injini. Mwaka ule, Baba mdogo, wanaume walikuwa upande wa kilima. Barabarani hapakuwa na mtu wa kukuonyesha.

Akakaa juu ya tairi. Akasema, "Nimemwita ndugu yangu mwongo miaka yote hii." Alilia, na mimi sijawahi kumwona baba akilia.

Daktari wa Musoma ndiye aliyepewa kikombe, na ni haki yake. Chako nimekiosha kwa majivu, kinang'aa, na kuku watafute kipimo kingine. Mama anaandaa kimea cha pombe ya Krismasi. Baba hajui kuomba radhi kwa maneno, unamjua, lakini amekata mirija miwili ya kunywea chungu kimoja na kuichomeka juu ya mlango. Mmoja ni wake. Nilipouliza wa pili ni wa nani, akanifokea, "Andika barua!"

Ndiyo hii nimeandika. Ryoba anakusalimu sana, na Beseni lake, yaani lako. Mama, mdogo wangu Agustina na Mzee Heche wanakusalimu. Bibi Gati anasema yeye hakukosea.

Mungu akulinde njiani, wewe na wote ulio nao. Na mkifika pale bondeni, mwambie dereva wa basi azime injini, ili safari hii usikie tunavyokuita.

Binti yako akupendaye na kukuonea fahari,
Wegesa Mseti