Wazo la Bo-ram

Hye-won shoga, nimeumbuka. Nimeumbuka vibaya mno.

Si unamjua Bo-ram, yule nesi mpya kwenye timu yetu ya utafiti? Wiki iliyopita nilichukua faili la maoni ya timu nzima nikalimwaga kwenye akili mnemba, nikaiambia inipe mawazo mapya. Ikanipa moja zuri ajabu: wazee wanaoishi peke yao hawamezi dawa za presha kwa sababu pakiti imeandikwa "baada ya kula", na wao hawali.

Leo kikaoni nikalitoa. Profesa Ma, mkuu wa utafiti, akapiga makofi! "Umelitoa wapi hili?"

Nikasema, "Limenijia tu."

Limenijia tu! Mimi!

Tulipotoka, Bo-ram akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Dada, asante kwa kumkumbuka baba yangu."

Nikaenda kulifungua tena lile faili. Marehemu baba yake aliacha droo imejaa dawa ambazo hazijaguswa. Kumbe alishanisimulia mwenyewe tukila tambi baridi, baadaye akakiandika kisa hicho kwenye yale maoni. Mashine ililitoa wazo kwake. Mimi wala sikukumbuka chochote.

Nimerudi kwa profesa nikakiri yote. Utafiti sasa ni wa Bo-ram, jina langu limeondolewa. Hilo sawa, nimestahili.

Lakini nilipomwambia Bo-ram ukweli, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kumbe siku ile nakusimulia, hukuwa unanisikiliza?"

Hye-won, sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nachati na wewe.