Mke Aliyeletwa na Mama

Kassel, Ujerumani
14 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ambako mwezi wa nne bado tunavaa makoti. Natumaini hujambo na kwamba goti limetulia. Mimi ni mzima.

Simu imetushinda, nimekubali. Juzi masikio yako yalinipata nusu, nikapaza sauti mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Basi tuandikiane kama ulivyotaka, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa ulitulea ukisema Kikamba ni cha kuongea na barua ni ya Kiswahili. Kumbe mwalimu hastaafu.

Huku hata takataka zina sheria. Mapipa ni manne, na wiki ya kwanza nilitupa maganda ya viazi kwenye pipa la karatasi. Mama mmoja wa ghorofa ya chini akayatoa yote kwa mkono, akayapanga mlangoni pangu. Jumapili hufui kwa mashine wala hupigilii msumari. Ngazi tunafagia kwa zamu, na zamu yako ikifika unatundikiwa kibao mlangoni. Kazini naosha wazee. Yuko bibi mmoja asiyekubali kuguswa na mtu ila mimi. Nikimpaka mafuta miguuni nakukumbuka wewe na hilo goti, na naona haya.

Mkataba wangu ni wa miaka mitatu. Ukiisha nitarudi.

Mwanao,
Kavata


Mitaboni
9 Juni 2024

Kwa mwanangu Kavata,

Habari za huko? Sisi tu wazima, Mungu anatuangalia. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu. Makosa ni mawili tu. Mvua ya Aprili ilitudanganya, mahindi yamekauka, lakini mbaazi hazijambo.

Sasa sikiliza. Muthoka, mdogo wa marehemu baba yako, amepigilia vigingi katika shamba letu la chini, kuanzia kwenye mipera hadi mtoni. Nilipomwuliza alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hofu. Alisema Wathome alikufa bila mtoto wa kiume, na binti mmoja aliyemwacha amekwenda kwa Wazungu, kwa hiyo nyumba hii imefungwa na ardhi inarudi kwa ukoo. Nikamwambia binti yangu atarudi. Akacheka.

Najua sheria ya serikali inamtambua mtoto wa kike, nimeifundisha darasani. Lakini kesi ya mahakama huchukua miaka kumi, na wazee wa ukoo humaliza kazi Jumamosi moja. Nao wote ni marafiki wa Muthoka.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu bila kuzunguka. Utarudi?

Mama yako,
Ndila


Kassel
3 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Pole na goti, pole na mahindi. Mimi sijambo kabisa. Nimefaulu mtihani wa lugha na nimenunua baiskeli. Yule mama wa mapipa sasa ananisalimia, na juzi aliniletea keki ya tufaha akanisimamia mpaka nikaimaliza. Siku hizi naota ndoto za Kijerumani, ingawa watu wa ndotoni ni wa Mitaboni.

Kuhusu swali lako, usiwe na wasiwasi. Kila jambo na wakati wake. Baba mdogo Muthoka mwambie ang'oe vigingi vyake.

Samahani kwa ufupi, zamu inaniita.

Mwanao,
Kavata


Mitaboni
16 Februari 2025

Mwanangu,

Natumaini uko mzima, maana sina njia nyingine ya kujua. Nilikuandikia Septemba, nikakuandikia Novemba. Kimya. Titus wa saiberi alitaka nikutumie ujumbe kwa kompyuta yake, nikakataa. Mambo ya nyumba yangu yakipita kwa Titus asubuhi, mchana yako sokoni.

Desemba Muthoka alileta trekta la kukodi, akalima shamba la chini mimi nikitazama. Nilielewa kuwa nikiendelea kungoja jibu lako nitazikwa kwenye ardhi ya watu.

Kwa hiyo nimeoa, Kavata. Umesoma sawasawa. Nimeleta iweto, kama walivyofanya wanawake wa Ukamba wasio na wana wa kiume tangu zamani. Ni mke wa nyumba, si wa kitanda, na watoto wake ni watoto wa Wathome. Anaitwa Mutanu, wa kutoka Kivaa, ana miaka ishirini na sita, na ana mtoto wa kike na wa kiume. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuifunga ndoa, nimewapeleka kwao mwenyewe, goti na yote, na wazazi wake wakawapokea. Ana mkono mwepesi shambani na hapigi domo. Nilicheka juzi kwa mara ya kwanza tangu uende.

Nyumba iliyo na iweto haijafungwa. Muthoka anajua hivyo, na ndiyo maana haniamkii tena.

Nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Mama yako,
Ndila


Kassel
20 Machi 2025

Mama,

Salamu leo sina. Barua yako niliisoma ndani ya basi nikapita kituo changu.

Ulihitaji mtoto mwingine, ukamtafuta. Mwanamke nisiyemjua anakaa katika nyumba aliyoijenga baba, na watoto wa mwanamume asiyejulikana wamepewa jina lake. Hukuniuliza. Kila siku nawainua wazee wa watu huku mgongo ukiniuma, nikijiambia kwamba kwetu kuko vile vile nilivyokuacha. Kumbe nafasi yangu imeshajazwa.

Mimi huyo Mutanu simtambui, na ukoo ukiniuliza nitasema hivyo. Tena nimeshasema. Leo leo nimemwandikia baba mdogo Muthoka.

Kavata


Mitaboni
24 Agosti 2025

Kavata,

Nakusalimu kwa sababu nilikuzaa. Miezi mitano sikuandika, maana kila nilipoanza yalinitoka maneno ya laana, na mzazi hachezi na laana.

Jumamosi, tarehe kumi na sita, ukoo ulikaa. Muthoka alisimama na barua yako akaisoma yote. Mwangangi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akanigeukia akaniuliza kwa karibu sana, ili nisikie, kama huo ni mwandiko wako. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kuandika. Ningesema si wako?

Basi neno lao ni hili: iweto akikanwa na mtoto wa nyumba, hana nyumba. Wamempa Muthoka shamba la chini, na hili la juu nitalikalia mpaka nife. Nililia mbele yao, nikawaomba. Mwangangi akasema watakaa tena mara moja tu, Jumamosi tarehe 20 Septemba, na kama una neno jingine lifike siku hiyo. Baada ya hapo kesi imefungwa.

Kesho yake nilimkuta Mutanu akikunja nguo za watoto. Aliniambia, "Mama, mimi siwezi kaa kwa boma yenye mwenyewe amenikataa." Nimemwomba angoje hadi tarehe ishirini. Kivaa kwao alifukuzwa na kaka zake kabla sijamleta, hana pa kurudi, na bado alikuwa anakunja.

Hukufanya hivi kwa ubaya, mwiitu wakwa, binti yangu, nakujua. Ulifanya kwa wivu. Lakini Muthoka hakuhitaji trekta tena, ulimlimia wewe.

Njoo useme kwa mdomo wako, au fanya unalojua.

Mama yako


Kassel
17 Septemba 2025
Kwa mkono wa Titus, saiberi ya Mitaboni. Ichapwe na isomwe kwa sauti mbele ya ukoo, Jumamosi.

Kwa mama mdogo Mutanu,

Hujambo, na watoto hawajambo? Barua ya mama ilinifikia jana, na posta haiwezi kufika kabla ya Jumamosi. Nimemwomba Titus, ingawa najua mama hatapenda.

Nimekuita mama mdogo nami nimekuzidi miaka mitano. Wazee wanaosikia wajue sikukosea. Umeletwa katika nyumba ya mama yangu kwa mbuzi wa ntheo, nami nimezaliwa katika nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo wewe ni mama kwangu, na wanao ni ndugu zangu, watoto wa Wathome.

Barua ya Machi niliiandika mimi, kwa hasira. Naifuta. Baba mdogo Muthoka, nilikutumia kumwumiza mama, nawe ukanitumia kuchukua shamba. Sote wawili tumefanya vibaya. Ng'oa vigingi.

Ningekuja niseme haya kwa mdomo, lakini kibali changu cha kuishi huku kiko ofisini kwa Wajerumani, na nikitoka kabla hakijatoka sitaruhusiwa kuingia. Na kibali hicho si cha miaka mitatu. Julai mwaka jana, barua ya mama ya kuniuliza ikiwa mezani, nilitia sahihi kubaki. Sirudi, mama mdogo. Nimeogopa kulisema hili mwaka mzima, na kwa woga huo nilitaka nyumba ikae wazi inisubiri. Nyumba haikai wazi. Kaa wewe.

Mama usimwache abebe maji.

Mwanao,
Kavata


Mitaboni
21 Septemba 2025

Mwanangu Kavata,

Habari za huko? Sisi hatujambo.

Ukoo ulikaa jana. Muthoka alisema barua ya kuchapwa inaweza kuandikwa na yeyote, hata Titus. Mwangangi akaichukua akaitazama, kisha akasema, "Hakuna mtu wa kuita mtoto wa juzi mama yake kwa mchezo. Hii ni ya Kavata." Vigingi aliving'oa Muthoka mwenyewe, wazee wakimtazama. Mutanu amezikunjua nguo za watoto. Amekaa.

Titus alipokuwa akisoma mimi sikusikia kitu. Niliona wanawake wakipiga vigelegele, halafu wakanyamaza ghafla, wakaniangalia. Nikadhani tumeshindwa. Nikaomba hiyo karatasi nikaisoma mwenyewe, na mbele ya ukoo mzima nikafika pale uliposema hurudi. Ulimwandikia Mutanu. Mimi ndiye niliyekuuliza.

Nimeumia, sitakuficha. Lakini umesema kweli mahali ambapo uongo ungekupa heshima, na umeiponya nyumba ya baba yako. Nakushukuru, na laana zote nilizotaka kuandika nimezimeza.

Mutanu anakusalimu. Hajui akuite nani, nimemwambia atazoea.

Siku ukipata ruhusa ya kuja, niandikie mapema. Mgeni huandaliwa.

Mama yako,
Ndila