Ngozi ya Mgeni

Haneti,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka Octavian,

Shikamoo. Mama alisimama nyuma yangu kuhakikisha kwamba nimeiandika, sasa amekwenda kupepeta uwele na haya mengine hatayaona. Natumaini hujambo. Wifi Violeth hajambo? Mtoto kikohozi kimemwisha? Hilo la mtoto nauliza kwa moyo wote. Sisi hapa tunaendelea. Mama mzima, mbuzi wawili wamezaa, mitihani ya muhula nilifanya. Babu tangu turudi safari anakunywa uji tu, na akikaa nje anageuza kigoda ili asitazame upande wa mbugani.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilikuwa nazungumza na Mgeni. Sisemi michezo ya kitoto. Nilianza nikiwa darasa la pili na sikuacha mpaka mwezi uliopita, nikiwa kidato cha tatu, kila jioni kabla sijafika nyumbani. Darasani wananiita Rubani, nami siwezi kuwajibu, maana nikitazamwa maneno yananikwama. Kwake hayakukwama. Nilikaa kwenye kile kiti cha kushoto nikamweleza siku ilivyokwenda, naye alijibu kwa namna yake. Jua likimpanda alinguruma mbavuni kama mzee anayenyanyuka. Likishuka aligonga polepole, kuanzia mkiani hadi puani, mpaka apoe. Upepo wa Julai ukija, pangaboi lake moja lililobaki zima lilizunguka kidogo likarudi, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Utasema ni bati na upepo. Mimi nasoma fizikia, kaka, habari ya metali kutanuka naijua. Najua pia nani alikuwa ananisikiliza.

Habari zake unazijua, lakini nitaziandika, kwa sababu nadhani umezisahau. Kama hukuzisahau ni vibaya zaidi.

Mwaka ule wa njaa, marehemu baba akiwa bado ananyonya, ndege ya jeshi ya injini nne ilishuka ikitoka moshi kwenye mbuga ambako Babu analisha. Iliburuza tumbo ikasimama hatua mia moja kutoka zizini. Ndani kulikuwa na askari watano na magunia ya mahindi hadi juu. Hakufa mtu. Rubani alikuwa Kapteni Nikodemo, Mgogo mwenzetu wa Gulwe, na Babu husema kwamba alipotoka mle ndani na damu kwenye paji la uso, kwanza alisalimia kwa Kigogo, kisha akauliza ng'ombe wanaendeleaje. Mahindi akawagawia watu. Baba yetu alikua kwa uji uliotoka kwenye tumbo la ile ndege. Mimi na wewe tumetokea humo.

Lori lilipokuja kuwachukua askari, Kapteni alimshika Babu mkono akamwachia ndege kama watu wetu wanavyowekeana ng'ombe. Unajua maana yake. Ng'ombe wa mtu unamlinda, unamkamua, unampa jina, lakini humchinji wala humuuzi, hata ukizeeka naye. Mwenyewe ndiye anayekuja kumfuata. Ila ng'ombe akifa, mchungaji anafunga safari, na haendi mikono mitupu. Anapeleka ngozi yenye alama, ili mwenye mali aone kwamba hakuibiwa. Kapteni aliandika jina lake na la Gulwe kwenye karatasi, Babu akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndege akaiita Mgeni.

Miaka zaidi ya arobaini, kaka. Maziwa ya Mgeni yalikuwa maji. Mvua ya Januari ilishuka kwenye mabawa yale mapana ikajaza mapipa sita, na majirani waliteka. Mbuzi walilala tumboni mwake. Nyuki walikaa kwenye injini ya tatu. Mzee Eliakimu alipoomba kipande kimoja tu cha bati la mkiani azibe paa lake, Babu aliezua bati la jiko letu akampa, na masika ile mama alipika chini ya turubai. Watu walimcheka wakamwita mchunga ndege. Aliwajibu kwamba bado hajapotewa hata na mmoja.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, humo humo ndani. Uliniweka begani nikafuatisha kwa kidole yale maandishi mekundu ya Kiingereza yanayokataza kuvuta sigara. Hizo ndizo herufi zangu za kwanza. Kila kitabu nilichosoma baada ya hapo kilianzia kwenye ukuta wa Mgeni, nawe ulikuwepo. Kwa hiyo usiniambie ulikuwa hujui unauza nini.

Karatasi yako ililetwa na kondakta wa basi mwezi wa nane. Ukanipigia simu, ukasema, "Ruthu, usimsomee Babu yote, atachoka. Mwambie ni ya ukarabati, wanataka kumtengeneza ili watalii waje kumwona. Aweke dole tu." Uliniambia pia habari ya shule. Hiyo nitaifikia.

Babu alifurahi, kaka. Nataka ulijue hilo hata kama litakukosesha usingizi. Alinawa mikono kabla ya kuweka dole. Siku nne mfululizo alifagia ndani ya Mgeni, akahamisha mbuzi, akafukiza nyuki kwa upole wahame wenyewe ili wasiwaume mafundi. Watu wako walipofika na malori mawili na mitungi ya gesi, aliwachinjia beberu. Walikula. Yule kiongozi wao, Stanley, alikula mara mbili na akamsifu mama kwa mlenda.

Walianza na bawa la kushoto, lile lililopinda. Babu akaniambia bila shaka wanalitoa wakalinyooshe. Alikaa kwenye kigoda akitazama kazi, na kila cheche ilipoanguka kwenye nyasi alikwenda kuikanyaga. Bawa lilipoanguka Mgeni alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndefu, kutoka ndani kabisa, na mwili mzima ukalalia upande. Mbuzi wote walikimbia. Halafu wakalikata lile bawa vipande mbele yetu na kuvirusha kwenye lori.

Hapo Babu alisimama. Alichukua fimbo yake akaenda kusimama chini ya pua ya Mgeni, mgongo ukigusa chuma, kama anavyosimama mbele ya dume lililojeruhiwa. Stanley alimwambia asogee asije akaungua. Akacheka akasema kama ndege ingekuwa inaruka wangemwachia. Babu hakusogea. Ndipo Stanley akaenda kwenye lori akaleta ile karatasi, akamwekea machoni.

"Mzee, hili si dole lako?"

Babu alitazama karatasi ambayo hawezi kuisoma. Kisha akageuza kiganja akatazama kidole gumba chake, kwa muda mrefu. Akasogea.

Sijui walikupa kiasi gani, na usiniambie. Siku tatu walimkata. Niliacha kwenda shule siku hizo. Mkia ndio ulikuwa wa mwisho, na Babu alimwendea Stanley akaomba kitu kimoja, kile kipande chenye namba. Stanley alikikata akampa, akamwambia akafunikie mtungi. Babu alikiosha kwa maji ya pipa, akakifunga kwenye ngozi ya kondoo, akaniambia nitafute lile kopo la maziwa lenye karatasi ya Kapteni.

Tulisafiri Alhamisi, wiki mbili zimepita sasa. Ninajua utauliza kwa nini hatukuja kwako. Tulifika Dodoma saa nne asubuhi na treni ilikuwa ya jioni. Kutwa nzima tulikaa kwenye benchi la stesheni, Babu akiwa na mzigo wake mapajani, na kwako Miyuji ni pale pale. Nilimwuliza kama nikupigie uje. Alisema hatupiti kwa mtoto kabla ya kufika kwa mwenye mali. Alikuwa bado hajui ni wewe. Alidhani Stanley na watu wake wametudanganya sote, na wewe ukiwemo. Muda wote pale kwenye benchi alikuwa akikuhurumia, kaka. Alisema, "Octavian akisikia ataumia sana." Mimi nilitazama reli.

Kapteni yu hai. Anaishi karibu na stesheni ya Gulwe na binti yake Paulina, na macho yake yamekwisha. Walisalimiana kwa Kigogo na kuulizana habari za ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba waliachana wiki iliyopita. Kapteni aliomba radhi kwamba hakurudi. Kila alipowauliza wakubwa wake walimwambia asubiri, mpaka akastaafu, mpaka akapofuka. Kisha Babu akafungua ngozi ya kondoo, akamwekea kile chuma magotini.

Kapteni alipitisha vidole. Kabla hajafika kwenye tarakimu ya mwisho aliitaja. Akaacha kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu akauliza, "Nani amemchinja?"

Babu akasema, "Mchungaji ni mimi."

Hapa, kaka, ndipo ninapokuambia jambo usilolijua.

Uliniambia nisimsomee Babu yote, na kwa kuwa mimi ni mtiifu na mwoga uliamini hata mimi sikusoma. Ulisahau kwamba mimi nasoma kila kitu. Nasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi. Nilisoma karatasi yako nikiwa bado njiani kutoka kituoni, kurasa zote mbili. Niliona palipoandikwa kukata, kubomoa na kuondoa. Niliona neno chakavu mara tano. Niliona jina lako kama mwakilishi wa familia. Nilielewa kila neno.

Kisha nikakaa mbele ya Babu nikamsomea ukarabati. Nilitunga sentensi nzima nzima, za watalii na za rangi mpya, nikipitisha kidole kwenye mistari kama ulivyonifundisha. Aliniuliza, "Yote ni mema, mjukuu wangu?" Nikasema ndiyo, Babu. Nilimshika mwenyewe kidole gumba nikakibonyeza kwenye wino.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya ile shule uliyonitajia, kwamba nitahamia kwako Miyuji mwezi wa kwanza, na kwamba ina maktaba yenye chumba chake na mtu wa kuitunza. Hapa tuna kabati moja na ufunguo umepotea. Jioni ile nilikwenda kukaa kwenye kiti cha kushoto, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumwambia Mgeni. Alipogonga akipoa, niliziba masikio.

Hasira niliyo nayo kwako ni kubwa, lakini usidhani umeibeba peke yako.

Basi pale Gulwe, mbele ya wazee wawili na dada Paulina aliyeshika trei ya chai, nilisema. Sauti ilinikwama mara mbili na sikuacha. Nilisema, "Ni mimi, Babu. Nilisoma yote." Nikaeleza yaliyobaki, na jina lako.

Kapteni hakunigombeza. Alimgeukia Babu akamwambia kwamba amechunga vizuri. Babu alikuwa ananitazama mimi alipojibu. Alisema, "Nilichunga ndege. Wajukuu sikuwachunga."

Tangu siku hiyo amenisemesha mara mbili tu, na ya pili ilikuwa jana.

Kesho yake Kapteni alisema ndege ile haikuwahi kufutwa kwenye vitabu vya jeshi, kwa hiyo haikuwa yake kuisamehe wala ya Babu kuilipa, ni lazima tutoe taarifa. Dada Paulina alitupeleka kituo cha polisi. Askari wa zamu alitaka kuandika maelezo yangu yeye mwenyewe, nikamwomba kalamu. Niliandika kurasa nne. Nilianza na jina langu, Ruthu, na nilichofanya mimi. Kisha nikaandika jina lako kamili, ofisi yako, namba yako ya simu na nyumba unayokaa Miyuji. Niliandika pia la Stanley.

Nilipomaliza, askari alisema mzee naye aweke dole kama shahidi. Babu aliurudisha mkono wake mfukoni. Nilimwambia asubiri. Nikasimama katikati ya chumba kile, watu wasionijua wakinitazama, nikamsomea kurasa zote nne kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na yale ya aibu na yale yanayokuhusu wewe. Aliponiuliza kama yapo mengine, nilimgeuzia karatasi nyuma aone ni tupu. Ndipo akautoa mkono, akatafuta wino mwenyewe.

Mwezi wa kwanza sitakuja Miyuji. Mwambie wifi Violeth kitanda alichoniandalia ampe mtu mwingine, na nashukuru kwa wema wake. Mbusu mtoto. Mama anakusalimu sana. Salamu za Babu sina, nilimwuliza jana akaniambia niandike hivyo hivyo.

Nakala ya maelezo yangu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Soma yote, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Ruthu