Yosr na Tufe la Kilo Tatu

Mtaa wa Juu, nyuma ya hamamu,
El Kef, Tunisia.
28 Aprili 2019

Mpendwa mdogo wangu Saluwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia daktari wa huko Grenoble amekukataza ngazi, nami kwa jinsi ninavyokujua nina hakika unazipanda mbili mbili. Pumzika, tafadhali. Na mumeo amepona yale mafua? Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Mvua imetupendelea mwaka huu na mlima wote ni kijani.

Najua tulizungumza kwa simu Ijumaa, lakini Lotfi alikuwa pembeni yangu akicheka, nikashindwa kukueleza. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Nimejiaibisha mbele ya nusu ya mji, Saluwa, na cha ajabu ni kwamba nina furaha.

Unakikumbuka kifua cha binti yangu Yosr. Wewe ndiwe uliyebeba nguo zake siku alipolazwa, ana miaka sita, midomo imegeuka rangi. Tangu hapo kila Septemba nakwenda kwa daktari wetu mzee, ananiuliza habari za familia, anatia saini cheti cha kumwondoa mtoto kwenye somo la michezo, nami natia yangu chini yake, namshukuru, narudi nyumbani. Miaka kumi na miwili. Kifua chenyewe nadhani hajakisikiliza tangu Yosr alipokuwa na mapengo.

Mwaka huu ni wa mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hiyo cheti nilikifuata mapema zaidi. Si unajua alama za michezo zinaingia kwenye wastani, na mtoto anautaka ufamasia kwa moyo wote. Mwenye cheti hahesabiwi alama hizo. Nikaona nimekinga kifua na wastani kwa pigo moja. Wala sikuwa peke yangu. Jirani yangu Beya alimwombea cheti mwanawe ambaye hajawahi hata kupiga chafya.

Kumbe cha Yosr hakikufika shuleni. Alikikunja akakitia ndani ya kitabu cha kemia, kikakaa humo mwaka mzima.

Wamepata mwalimu mpya wa michezo, Bi Wided, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Huyu hawazungushi wote uwanjani kama tulivyozungushwa sisi hadi mbavu zikauma. Aliwaambia wachague: sarakasi, mpira wa mikono, kuruka juu, tufe, na kwa wanaochukia vyote hivyo, kupanda mlima kwa mwendo wa haraka kila Jumatano alasiri. Bi Wided alimpeleka Yosr kwanza kwa daktari wa shule, akapimwa vizuri, akaruhusiwa mradi pampu yake ya pumu iwe mfukoni. Alianza na mlima, kisha akachagua tufe. Tufe, chuma cha kilo tatu, Saluwa! Mtoto ambaye mimi simruhusu hata kusogeza mtungi wa gesi.

Na Lotfi, baba yake, alijua! Zile Jumapili zote alizompeleka kumsalimia bibi yake, nami nikawa nawasifia kwa majirani, walikuwa uwanjani. Hata mama mkwe alinidanganya kwenye simu bila kumeza mate: "Yosr yupo hapa, mwanangu, anakula." Huyo nitajua la kumfanya.

Siku ya mtihani wa michezo mimi nilikwenda kutazama dakhla tu, yale maandamano ya watoto ya kuingia uwanjani, kama mama wengine wote. Shuka zangu mbili za harusi, nilizozitafuta tangu Machi, nilizikuta zinaning'inia ukutani kama bango la darasa la Yosr, zimeshonwa pamoja na kuchorwa mwewe mwenye macho mekundu. Nilitaka kukasirika, lakini ngoma zilikuwa zinalia, moshi wa rangi umejaa kila mahali, na mwewe mwenyewe alipendeza. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nilijua Yosr akishaingia na wenzake atakaa benchi, kama siku zote.

Moshi ulipotawanyika nikamwona kwenye duara la tufe, namba kumi na saba kifuani.

Nilikimbilia langoni nikitoa nakala ya cheti mkobani. Ndiyo, natembea nayo, usinicheke. Mlinzi akaniziba njia.

"Hajati, wazazi ni nje."

"Mwanangu ana pumu!"

"Wangu ana uvivu, na yumo ndani. Rudi nyuma, mama."

Sikubishana naye. Nilikwenda kwenye uzio wa waya, nikapaza sauti yote niliyonayo: "Yosr! Liweke chini hilo! Kifua chako!"

Uwanja mzima uligeuka kunitazama. Yosr alikuwa ameshaanza kurusha, akashtuka, mguu ukavuka ukingo wa duara, mwamuzi akainua bendera nyekundu. Wanapewa majaribio matatu tu, na la kwanza lilipotea kwa ajili ya mdomo wangu. Nilijua papo hapo nilichofanya. Nilitamani ardhi inimeze.

Beya alinishika mkono. "Mongia, umemharibia mtoto. Ukitoa neno jingine, wallahi nakuziba kwa kitambaa hiki."

"Na akizidiwa?"

"Mtazame. Nani hapa anayehema, yeye au wewe?"

Yosr alikuja hadi kwenye uzio. Alikuwa amekwisha vuta pampu yake, na kweli alipumua vizuri kuliko mimi. Nilidhani atanifokea mbele ya watu, na ningestahili. Alivua koti lake taratibu.

"Mama," akasema, "miaka kumi na miwili nimekaa benchi nawashikia wenzangu makoti. Leo naomba unishikie langu."

Akalipitisha juu ya waya. Nililipokea, Saluwa, nikalikumbatia. Tangu azaliwe hajawahi kuniambia kwamba ile benchi ilimuuma, nami sikuwahi kumuuliza.

Jaribio la pili lilikwenda mita sita na nusu. La tatu mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Nililisikia likitua, kisha nikaisikia sauti ya Bi Wided, nadhani hata ninyi Grenoble mliisikia: "Mita nane na sentimita kumi!" Amepata alama kumi na sita kati ya ishirini. Wastani haukushuka, tena umepanda kidogo. Mtoto wa Beya, mwenye cheti, alishinda kwenye kivuli akila mbegu za alizeti, na mama yake hamsemeshi hadi leo.

Sasa lililobaki ni hili. Bi Wided anataka Yosr ajiunge na klabu ya wanawake hapa mjini na afanye mazoezi kiangazi chote. Yosr ana miaka kumi na tisa, saini ya mzazi haitakiwi kabisa. Hata hivyo aliileta fomu Alhamisi, akaiweka mezani mbele yangu pamoja na kalamu, akaenda zake kuosha vyombo. Tangu siku hiyo tunakula pembeni ya karatasi hiyo. Baba yake nimemkataza kuitaja.

Nilipofika hapa niliiacha barua, nikaenda kusimama mlangoni pa chumba chake. Amelala usingizi wa mchana. Nimezisikiliza pumzi zake kwa muda mrefu, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mdogo, nikingoja ule mluzi wa pumu. Haukuja. Naogopa bado, sitakuficha, na nitaendelea kuogopa.

Nimerudi mezani, ile fomu nimeitia saini. Ni saini ile ile, Saluwa, niliyoiweka kila Septemba chini ya neno "hawezi".

Nisalimie mumeo, na wanao Chiheb na Rim uwabusu kwa niaba yangu. Lotfi anakusalimu, na mama mkwe pia, ingawa hastahili kuandikwa humu. Beya anauliza utakuja lini. Njoo Mei kama goti litakubali, nitakupikia borzgan yenye tende nyingi. Mungu awalinde huko ugenini, awape afya na riziki, na atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Mongia