Fundi Kasema Ifungwe

Jumatatu, 4 Machi
Tumeegesha gari-nyumba uani kwa dada. Bomba la baridi linatoka kwa nguvu, la moto linachuruzika tu. Mama yangu hajaoga siku mbili – magoti yake bila maji ya moto hayakunjiki. Bwana Najua, yaani mume wangu, kasafisha chujio, kaipiga pampu makofi. Wapi!

Jumanne, 5 Machi
Kagundua. Valvu ya hita, chini ya kitanda cha Mama, inavujia nje. Anasema huyo ndiye mwizi wetu. Kampigia fundi, simu ikawa inakatika-katika. Alichoambulia: valvu ifungwe vizuri. Nikamwambia apige tena. Eti najifanya fundi.

Jumatano, 6 Machi
Kaiziba kwa boliti na gundi ya chuma. Maji ya moto yanaruka! Mama kaoga saa kumi jioni kama desturi yake, kisha akambariki mkwe wake mpaka nikaona wivu. Ila tangi la hita linagonga. Bwana Najua anasema chuma kikipata moto hutanuka.

Alhamisi, 7 Machi
Linagonga zaidi. Mama anasifu godoro kwa joto. Sipendi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimebaki kwa dada kukausha mablanketi. Mama na mume wangu wameondoka na gari-nyumba asubuhi, kliniki ya macho, watalala huko.

Saa kumi kasoro robo mtu wa basi kaleta kifurushi cha fundi. Valvu mpya, inang'aa. Na karatasi: hii ndiyo ya kufunga, ile ya zamani inavuja kwa sababu hita inachemka kupita kiasi, msiwashe kabla ya kuweka hii.

Mungu wangu. Kufunga – kuweka mpya. Sisi tumeziba. Tangi halina pa kupumulia, litapasuka, na Mama analala juu yake.

Simu ya mume wangu haipatikani. Dada kakimbilia kwa jirani mwenye gari, lakini hadi kliniki ni mwendo wa saa tatu. Simu ya Mama imeita, imeita – kapokea, yuko bafuni mle garini. Nimemwambia atoke nje hivyo hivyo alivyo. Anasema mkwe kaenda dukani, watu wanapita, yeye ana sabuni mwili mzima. Ajisuuze kwanza. Nikapiga kelele. Kanikumbusha nani kamzaa nani, akakata.

Naogopa. Napiga huku naandika, mkono usikae bure.

Inaita.

Inaita tu.