Koti Lisilo na Mikono

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kama bado una tabia ya kusoma barua umesimama mlangoni, tafadhali kaa kwanza. Natumaini u mzima na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha. Mimi sijambo. Wazee nao hawajambo, ila Mama magoti yanamsumbua, na Baba siku hizi anasikia yale anayotaka kuyasikia tu. Nakuandikia kwa sababu simu za nyumbani hupokei, lakini barua zangu hujawahi kuziacha bila jibu.

Niliwasili Jumapili. Mama alinipokea kwa machozi, akanitazama juu hadi chini, akatangaza kwamba huko ninakoishi hakuna chakula. Sanduku langu alilipekua kabla sijavua viatu. Kisha akanionyesha chumba chako. Kitanda kimetandikwa, na shuka anazibadilisha kila wiki ingawa hakuna anayezilalia. Nikamtania kwamba amepata mgeni mzuri, hali wala hanywi, anamaliza sabuni tu. Hakucheka, nami nikajuta.

Baba nilimkuta chumba cha mbele nyuma ya cherehani, futi shingoni, pini mdomoni. Sikukuu imekaribia na kila mteja anaitaka nguo yake jana. Mambo ni yale yale: pasi nzito ya mkaa, meza iliyoegemezwa ukutani, na juu yake, msumarini, lile koti la bwana harusi lenye alama ya kuungua mgongoni. Miaka kumi na moja hajalitoa. Kila anayeshika pasi huonyeshwa, akaambiwa atazame uzembe ulivyo, na uongo ulivyo.

Jumatano kazi ilimzidi, nikajitolea kupiga pasi. Nilikuwa kwenye koti la pili nilipogundua cherehani imenyamaza. Baba alikuwa akiutazama mkono wangu. Unajua anavyolaza koti, kola upande wa dirishani, kushoto kwa anayepiga pasi. Tangu tuzaliwe hajabadilisha. Wewe na yeye, watu wa mkono wa kulia, pasi yenu ncha huelekea kola. Mimi na huu mkono wangu wa kushoto, ncha yangu huelekea pindo. Akainuka, akalitungua koti la msumarini, akalilaza mezani, akaifuata ile alama kwa kidole mpaka kwenye ncha. Ilielekea pindo.

Kaka, ni mimi niliyeliunguza.

Siku ile ulipotoka kumsindikiza mteja, niliingia. Nilikuwa na miaka kumi na nilikatazwa kugusa pasi, lakini nilitaka urudi ukute kazi imekwisha, unisifu. Nilipoona moshi nilikimbia, nikaiacha pasi pale pale, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Wewe ukarudi ukaiinua, na Baba akaingia akakukuta nayo mkononi. Ulipoapa kwamba si wewe, alisema koti hushonwa jingine, lakini mwongo hatashona chini ya paa lake. Kila neno nililisikia. Nilijiambia nitasema kesho, kesho ikazaa kesho, mpaka ukaondoka nchini, na mimi baadaye nikaondoka na siri yangu. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika.

Nilimweleza Baba yote nimesimama, nikingoja anifokee. Akarudi akaketi nyuma ya cherehani. Kisha akasema kwamba yeye akiona mshono hujua ni wa fundi gani, na jina langu la utani analiita mara mia kwa siku, lakini ukuta wa nyumba yake ulimshinda kuusoma. Akasema hasira hasara aliisikia tangu utotoni, akadhani wanasemwa wengine.

Akachukua futi, akanipima mgongo, akakisia kwamba wewe, kaka, umenizidi mabega kwa vidole viwili. Akakata kile kitambaa cha kijivu alichojiwekea mwenyewe. Ijumaa koti lilikuwa tayari, ila halina mikono. Nilipomuuliza, alijibu kwamba mikono hawezi kuibahatisha, mwenyewe aje apimwe. Mama alininong'oneza kwamba kwa mwanamume asiyewahi kumwomba radhi hata aliyemkanyaga, huko ni kupiga magoti.

Likizo yangu imebaki siku kumi na mbili. Sikuombi unisamehe upesi. Nigombeze, hata mbele ya Mama, nimestahili. Lakini njoo. Lile koti lililoungua amelichana, limekuwa matambara ya kushikia pasi. Kwenye msumari ule sasa limetundikwa lako.

Wazee wanakusalimu sana. Mama anasema nikuandikie kwamba shuka amezibadilisha tena leo asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, niliyeunguza koti,

Shoto