Grisi ya Boti Kwenye Nyaya za Ndege

Kosa tunalolifanya wengi ni kuamini kwamba kitu kilichopakwa mafuta mengi ndicho kilichotunzwa vizuri. Barua hii ya Agosti 1997 imetoka kwa fundi wa hapa Kigoma. Jibu langu nilimpelekea kwanza kwa mkono, maana halikuweza kungoja gazeti. Sasa nalichapa kwa ajili ya wengine.

*

Mzee Pastory, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo nimeshindwa kumwambia hata mke wangu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, ufundi nilijifunza Kibirizi kwenye boti za dagaa, ambako waya wa usukani tunaupaka grisi mpaka usionekane, maana maji ya ziwa hayana huruma na chuma, na wakimbizi walipozidi shirika moja likaleta ndege mbili ndogo za kupeleka dawa na kuchukua wagonjwa kambini, nami nikaajiriwa kumsaidia injinia, pamoja na mzee mkimbizi, Barutwanayo, aliyekuwa fundi wa ndege kwao Burundi. Mwezi wa Juni injinia alisafiri, akatuachia kazi ya kuosha ndege tu, lakini mimi nikafungua kifuniko cha tumboni, nikaona nyaya za usukani kavu kabisa, nikaona aibu kwamba fundi nipo na chuma kimekauka, nikaziosha kwa petroli, nikazipaka grisi ya boti, pamoja na makapi, vile vigurudumu ambamo waya hupita, ndege zote mbili, siku moja.

Barutwanayo aliponikuta kwenye ndege ya kwanza alishika kichwa. "Oya, oya, kijana! Hii si mtumbwi. Futa hiyo kitu."

"Mzee, kwani huko kwenu mlikuwa na ndege ngapi?" nikamwuliza, na walinzi wa uwanja wakacheka.

"Moja ilitosha kunifundisha," akasema, akachukua kitambaa akaanza kufuta mwenyewe, na hapo ndipo msimamizi wetu alipopita akamwona mikono imejaa grisi, akamwita kwa kazi nyingine kabla hajamaliza, nami nikaendelea na ndege ya pili.

Wiki tatu baadaye ndege ile ilikatisha safari ya Kibondo, usukani wa mkia umekuwa mzito, rubani akashuka shati limelowa jasho. Injinia alipofungua alikuta grisi imeshikana na vumbi jekundu, makapi mawili hayazunguki. Msimamizi akasema, "Nilimwona yule mkimbizi." Barutwanayo akajibu, "Mimi nilikuwa nafuta," kisha akanitazama, akingoja. Nami nikatazama viatu vyangu. Alirudishwa kambini siku ile ile bila kunitaja. Ndege ya pili haikufunguliwa, kwa sababu alionekana kwenye ile moja tu, na mpaka leo inaruka na wagonjwa ndani. Nina watoto wanne, Mzee. Niifute grisi ile kimyakimya? Na nitumie mafuta gani badala yake?

Fundi mwenye majuto, Ujiji

*

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza habari ya mafuta, nami nitakujibu, ingawa unajua si hilo linalokunyima raha.

Waya wa ndege umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, na kiwandani huwekwa mafuta ndani ya msokoto, mahali ambapo jicho halifiki. Ulichokiona kikavu hakikuwa kikavu. Petroli yako ndiyo iliyoyatoa mafuta yale, na sasa nyuzi zinasagana zenyewe kwa ndani. Grisi juu yake hukamata vumbi, na viwanja vya kambini ni vumbi tupu, basi umetengeneza msasa laini unaokula waya na kapi kila rubani akanyagapo pedali. Makapi mengi ya ndege yana beringi zilizofungwa kiwandani. Hayo hayapakwi chochote, yanafutwa tu. Waya nao hufutwa kwa kitambaa kikavu, ambacho pia kitanasa pale uzi ulipokatika, kisha hupakwa utando mwembamba wa mafuta ya kuzuia kutu yaliyotajwa kwenye kitabu cha ndege hiyo, na yanayozidi yanafutwa. Hayo tu. Boti huhofia maji, ndege ile inahofia vumbi.

Sikulaumu sana kwa kutojua. Miaka ishirini niliwafundisha vijana kwenye matrekta, "Pakeni, msibanie," na sikuwahi kuwaambia ni wapi neno hilo linakoma. Hilo linanisikitisha ninaposoma barua yako.

Lakini kimya chako ni chako peke yako. Mwenzako alikuonya, ukamfanyia mzaha mbele ya walinzi. Alichafua mikono akisafisha kosa lako, ukamwacha aadhibiwe kwa grisi ile ile. Alikimbia kwao akiwa na ufundi wake tu, na sasa hata huo watu wanauona wa mashaka. Na kufuta kimyakimya hakutasaidia, kwa sababu waya uliooshwa kwa petroli haurudi hali yake kwa kitambaa. Ni injinia peke yake wa kuamua kama utabaki au utabadilishwa, naye hawezi kuamua asilolijua. Huenda ukafukuzwa. Sitakudanganya kwamba hutafukuzwa. Wanao watakula kwa kazi ya boti, ambayo unaijua. Mgonjwa aliye angani hana pa kushukia.

Leo hii, kabla ndege ya pili haijaruka tena, nenda kwa injinia umwambie: "Zote mbili nilizipaka mimi, Barutwanayo alikuwa anafuta."